Ninja ya 2008

Wanaonijua hapa Kiryandongo wananijua na baiskeli yangu. Ni nyeusi, kengele yake haifanyi kazi tangu mwaka juzi, na nikikaribia shule watoto wanajua ni mimi kabla hawajaniona kwa sababu cheni inalia. Kazi yangu ni ya vijana. Leo niko Ranch 1 na wasichana wa mpira, kesho niko Ranch 37 na vijana wa boda wanaojifunza kuweka akiba. Kwa hiyo siku niliposema kwamba ninaenda Busia kuangalia pikipiki, wenzangu wote walifurahi. Walifikiri ni Boxer. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikusema.

Haikuwa Boxer. Ilikuwa Kawasaki Ninja 250, ya kijani, ya mwaka 2008.

Najua wengine mmeshaanza kucheka. Subirini kidogo, nimalize.

Picha iliingia kwenye simu mwezi wa Februari 2025. Aliyeituma ni rafiki yangu anayekaa Tororo. Aliandika tu: "Umeona hii? Iko Busia. Broka anataka laki mbili za Kenya." Siku hizo laki mbili za Kenya ilikuwa kama milioni tano na laki sita za Uganda. Kwa pesa hiyo ulikuwa unakaribia Boxer mpya ya dukani. Mimi nilikuwa na milioni nne na laki nane. Nilikuwa nimeziweka kwa miaka mitatu, kidogo kidogo kutoka kwa posho yangu, kwenye sanduku la kikundi chetu cha akiba, na nikaongeza mahindi ya misimu miwili.

Hiyo pesa ilikuwa na wenyewe wengi. Tangu Julai 2023 chakula cha WFP kinagawiwa kwa makundi, na nyumba yetu iliwekwa kwenye kundi la wale wanaosemwa wanajitegemea. Maana yake ni kwamba hatupati kitu. Mdogo wangu yuko sekondari, kila muhula anarudi na karatasi ya ada. Dada yangu ameolewa, lakini shida ya dada ikiwa kubwa inajua njia ya kwetu. Mtu mwenye akili angenunua Boxer, angempa kijana aiendeshe pale Bweyale, na kila jioni angepokea hesabu yake. Mimi ndiye ninayewafundisha vijana hiyo hesabu. Nimeichora ubaoni zaidi ya mara kumi.

Sasa niseme ukweli hiyo pikipiki ilinishika wapi.

Kabla hatujawa wakimbizi, baba alikuwa na duka la spea Busia, upande wa Kenya. Lilikuwa duka dogo, la baiskeli na pikipiki. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa mpakani pale. Wazee wanasimulia kwamba miaka ya sitini na sabini watu walikuwa wanashuka kwenye gari upande mmoja, na kati ya geti la Kenya na geti la Uganda kuna mwendo, kwa hiyo vijana wa baiskeli waliwabeba na mizigo yao huku wakiita "boda, boda!" Baba aliwauzia watu wa kazi hiyo tairi, tyubu na mipira ya breki. Nyuma ya kaunta kulikuwa na kalenda yenye pikipiki ya kijani, Kawasaki, imelala kwenye kona, goti la dereva linakaribia kugusa lami. Mwaka wa kalenda ulikuwa umepita zamani, lakini baba hakuitoa kwa sababu yangu. Mimi nilikuwa nakaa chini yake, juu ya katoni la tyubu, naendesha kwa mdomo mpaka wateja wanaziba masikio.

Uchaguzi wa Kenya ulikuwa tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yakatangazwa tarehe 30. Sitaeleza yote, kwa sababu wale waliotoka Eldoret, Kitale na Bungoma wameyaona makubwa kuliko yetu. Nchi nzima waliuawa watu zaidi ya 1,100, na waliohama nyumba zao walikuwa laki kadhaa. Kwetu, jina la baba lilitosha kuwa kosa. Asubuhi moja mama alituvusha kwa baiskeli mbili. Yeye na mdogo wangu walikuwa kwenye moja, mimi na dada kwenye nyingine. Nilikuwa na miaka saba. Baba alibaki kulinda duka. Alitufuata siku ya tatu, kwa miguu, mikono mitupu.

Siku za kwanza tulilala kwenye uwanja wa shule, Busia ya Uganda. Halafu tukapelekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, kwenye mahema, na huko ndiko nilikopata huyo rafiki yangu. Baadaye, mwaka huohuo wa 2008, tukaletwa huku Kiryandongo. Ndiyo maana nilipoona kwenye ujumbe kwamba pikipiki ni ya 2008, niliweka simu chini kidogo. Umri wake ni sawa na umri wa ukimbizi wangu. Na ni ya kijani.

Mama nilimwambia naenda kumsalimia rafiki. Baba nilimwambia ukweli. Siku hizi baba ni mkulima wa mahindi, hataki hata kushika spana ya watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza bei, halafu akasema: "Chuma kinachomeka, chuma kinaibiwa. Ukinunua, nunua karatasi kwanza. Chuma kitafuata." Nilifikiri ni maneno ya mzee aliyeumia. Nilimjibu, "Sawa, Baba," nikaenda kupanga nguo.

Sisi wakimbizi wa Uganda tuna ruhusa ya kutembea ndani ya nchi, sheria ya 2006 inasema hivyo, na kitambulisho changu cha mkimbizi kiko safi. Pamiti ya pikipiki ninayo. TIN ya URA ninayo. Nilipita Karuma, Lira, Soroti na Mbale, na jioni nikaona mwamba wa Tororo. Tulipokuwa Mulanda nilikuwa nafikiri ule mwamba ndio Uganda yenyewe, kwamba nchi inaishia pale. Rafiki yangu alinipokea stendi, na asubuhi akanikutanisha na fundi wa Tororo, mzee mmoja mfupi asiyependa maneno, ambaye alikubali kwenda nami Busia kwa nauli na elfu hamsini. Hiyo elfu hamsini ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote safari ile. Nawaambia vijana: usiende kuangalia pikipiki ya zamani na macho yako peke yako. Macho yako tayari yamependa.

Yadi ilikuwa mtaa wa Sofia, upande wa Uganda. Broka alikuwa kijana wa umri wangu, amevaa viatu vyeupe katika lile vumbi lote. Alifunua turubai kama mtu anayefunua chakula cha wageni.

Ilikuwa nzuri, jamani. Siwezi kudanganya. Rangi imefifia kwenye tangi, maplastiki ya ubavuni yana mkwaruzo na skrubu mbili zimepotea, lakini umbo lilikuwa lilelile la kalenda. Silinda mbili, cc 249, tairi ya nyuma pana kuliko tairi zozote mbili za Boxer ukiziunganisha, au mimi niliona hivyo. Broka akabonyeza swichi, ikawaka mara moja. Ile sauti si ya boda. Boda inakohoa. Hii ilikuwa inavuta pumzi. Mwili wangu wote ulisema tunanunua.

Fundi hakusema kitu. Aliweka kiganja karibu na injini, akakitoa haraka. "Mulikuwa munaendesha asubuhi?"

Broka akasema hapana.

"Basi kwa nini iko moto?"

Broka akacheka, akasema alikuwa anaipasha kidogo tu kwa heshima ya wageni. Fundi akasema: "Zima. Ipoe. Sisi tunangoja." Akanieleza kwamba pikipiki ya zamani iliyopashwa moto ni kama mgonjwa aliyepewa panadoli kabla ya daktari kufika. Ugonjwa wake utauona ikiwa baridi.

Wakati tunangoja, alianza kuikagua, na mimi niliandika kila kitu kwenye simu. Nayaweka hapa kwa sababu vijana wa boda waliniomba.

Kwanza alisoma tairi. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ya nyuma ilikuwa na 3109, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2009. Ya mbele ilikuwa ya 2014. Meno bado yalikuwepo, ungesema tairi nzuri, lakini alipoikunja kwa dole gumba ilionyesha nyufa ndogo kama udongo wa kiangazi. "Hii raba imekuwa mbao," alisema. "Mvua ikinyesha, utajua."

Halafu akavuta cheni kutoka kwenye spoketi ya nyuma. Ikatoka mbali, na meno ya spoketi yalikuwa yamepinda upande mmoja kama kucha. Cheni na spoketi mbili hubadilishwa pamoja. Ukiweka cheni mpya kwenye meno mabovu, umetupa pesa.

Akapitisha kidole kwenye nguzo za shoka za mbele. Kidole kikatoka na oili. Maana yake sili zimekufa, na oili ikiteremka hadi kwenye breki, breki inakuwa hadithi.

Akafungua tangi, akamulika ndani kwa simu. Kutu kidogo. Akaangalia ncha ya mkono wa klachi, ilikuwa imevunjika, na kifuniko cha injini upande huohuo kilikuwa na mikwaruzo. "Imelala huku," alisema. "Si kwa haraka sana." Akasimama mbele, akaugeuza usukani kushoto na kulia mpaka mwisho, akiangalia kama uma umepinda. Haukupinda. Kilomita za kwenye mita zilikuwa 23,000, na fundi hata hakuziangalia. Alisema mita ni kitu cha kwanza kujua kusema uongo.

Mwisho akauliza: "Karatasi iko wapi?"

Namba ya pikipiki ilikuwa ya Kenya, inaanza na KM. Broka akasema logbuku ipo, iko kwa mwenyewe upande wa pili. "Twende tuvuke, bosi. Dakika kumi tu. Utaona kila kitu, mtaongea bei na mwenyewe, atakushushia hata."

Injini ilikuwa bado ya moto. Fundi alisema anabaki kulinda, maana angeondoka wangeipasha tena. Nikaenda na broka.

Mpaka umebadilika sana. Tangu 2018 kuna kituo kimoja cha pamoja, majengo makubwa, na mtu anagongewa kule anakoingia tu, si pande zote mbili. Marais wa nchi zote mbili walikuja kukifungua. Lakini watu ni walewale. Mama wenye trei za mayai, vijana wa kubadilisha pesa, malori yanayonguruma bila kusogea, na baiskeli, bado zipo, zimebeba magunia. Hapo nilisimama. Duka la baba lilikuwa upande wa pili, labda dakika kumi na tano kwa miguu. Tangu miaka saba sijawahi kuwa karibu hivyo.

Broka alikuwa ametangulia. Aligeuka akaniita. "Njoo, hakuna mtu atakuuliza!"

Na ni kweli, hakuna mtu angeniuliza. Watu wa Busia wanavuka kununua chumvi. Mimi mwenyewe ni Mkenya, nazungumza kama wao. Lakini mfukoni nilikuwa na kitambulisho kinachosema kwamba nchi ile siwezi kuishi. Nilisimama pale nikijaribu kufikiri sawasawa, na yale mawazo nitawaandikia kwa mpangilio, ingawa wakati ule hayakuja kwa mpangilio.

Tuseme nimevuka, nimeona logbuku, nimelipa. Ili pikipiki iwe yangu Kenya, umiliki unahamishwa kupitia NTSA, kwa akaunti ya eCitizen, na mnunuzi anatakiwa awe na kitambulisho na PIN ya KRA. Mimi sina kitambulisho cha Kenya. Niliondoka nikiwa mtoto. Kukipata inabidi niende kwa serikali ya Kenya niseme, mimi ni wenu, niandikeni. Hiyo si dhambi. Wengi wetu wamerudi na wanaishi. Lakini kila mtu wa ofisi ya ulinzi anajua Mkataba wa 1951 unasemaje kwenye kifungu cha 1C. Mtu akijirudisha mwenyewe kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake, ukimbizi wake unaweza kukoma. Kuvuka dakika kumi si hicho. Kuandikisha jina langu kwenye vitabu vya Kenya ni jambo lingine. Na kama nitafanya uamuzi huo siku moja, nataka niufanye nimeketi na wazazi wangu, kwa sababu ya maisha yetu. Sitaki niufanye kwa sababu ya pikipiki.

Au tuseme siihamishi. Naileta tu Uganda. Hapo kuna URA, na wao wanaanza kwa kuuliza karatasi halali ya mwenye mali. Au siendi URA kabisa. Hiyo ndiyo njia broka aliyonishauri tulipokuwa tunatembea. "Huko kempu nani atakuuliza?" Naendesha pikipiki ya kijani yenye namba ya Kenya kwenye barabara ya Kampala kwenda Gulu, mimi mkimbizi Mkenya, na siku askari akinisimamisha nitamwambia nini? Pikipiki isiyo na karatasi iko kama mtu asiye na karatasi. Inatembea usiku, inalala ndani, na kila mwenye kofia ni bwana wake. Hayo maisha ninayajua. Nisingependa kuyanunua kwa pesa yangu.

Nilimwambia broka sivuki. Alete karatasi huku.

Alinitazama kama nimemtukana. Lakini alienda, na baada ya muda akarudi na nakala, si logbuku yenyewe. Nakala imechoka kwenye mikunjo. Tulirudi yadi, fundi akasoma namba ya fremu pale shingoni mwa usukani, herufi moja moja. Ilifanana. Jina halikufanana. Lilikuwa jina la mtu wa tatu ambaye si broka na si yule "mwenyewe". Nilipouliza huyu ni nani, broka akasema: "Huyo ni mtu wa kwanza. Aliuza zamani. Hana shida."

Sasa injini ilikuwa imepoa. Fundi akasema, "Washa." Swichi ikabonyezwa, ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Broka akavuta choki. Ikashika upande mmoja, tuk, tuk, tuk, moshi kidogo, silinda ya pili imelala. Baada ya dakika kama mbili ya pili ikaamka na sauti ikawa ile ya asubuhi. Fundi akaniangalia mara moja tu.

"Naweza kuijaribu?" niliuliza. Najua. Baada ya yote hayo.

Kulikuwa na njia ya udongo nyuma ya yadi, kama mita mia tatu, haina watu. Fundi alinipa helmeti yake. Nilikalia ile pikipiki, nikainama kama inavyotaka, mikono chini, magoti kwenye tangi. Gia ya kwanza, polepole. Ya pili. Nilifungua kidogo tu. Sijui niseme nini. Kwa hizo mita mia tatu sikuwa mtu wa kundi lolote. Sikuwa kwenye orodha. Hakuna aliyekuwa ananingoja na fomu. Nilifika mwisho, nikageuza kwa miguu kama mtoto kwa sababu ni nzito kuliko nilivyofikiri, nikarudi. Broka alikuwa ameshaona uso wangu.

"Laki na sabini," alisema. "Kwa sababu yako tu."

Nilipiga hesabu hata kabla sijavua helmeti. Laki na sabini za Kenya ni kama milioni nne na laki saba na elfu sitini. Nilikuwa nazo. Alikuwa amepiga bei palepale mfuko wangu unapoishia, kana kwamba ameuhesabu.

Nikamvuta fundi pembeni. Yeye akahesabu kwa vidole. Tairi mbili, cheni na spoketi, sili, betri, kusafisha kabureta zote mbili. Alisema kama milioni moja na nusu, ikiwa spea zitapatikana, na hazitapatikana Tororo wala Bweyale. Ni kuagiza Kampala au Nairobi, na kungoja. Boxer ikiharibika, spea yake iko hata kwa muuza sukari. Nikamwuliza, "Lakini Mzee, injini yenyewe ni mbaya?"

"Hapana. Hii kitu si mbaya," alisema. "Ni ya mtu mwenye pikipiki ingine."

Nimelifikiria sana lile neno. Kuna vitu vizuri ambavyo ni vya mtu ambaye tayari ana kingine cha kumpeleka kazini. Si kwamba sisi hatustahili. Kijana wa kempu akitaka kitu cha furaha tu, watu wanamshangaa, hata wafanyakazi wa mashirika, nimeona. Ukisema unataka cherehani au kuku, wanaandika. Ukisema unataka kwenda kwa kasi, wanacheka. Mimi sioni aibu kwamba niliitaka. Lakini nilikuwa nimeenda na pesa ya kitu cha kwanza kununua kitu cha pili, na karatasi ya mtu wa tatu.

Nilimshukuru broka. Nilimwambia siku akipata logbuku yenyewe, na mwenye jina aje tukae mezani Uganda, anipigie. Hajapiga.

Nilirudi Kiryandongo na pesa zote isipokuwa nauli na ile elfu hamsini. Wenzangu waliniona nimeshuka basi mikono mitupu, ikabidi niwaambie. Wakacheka siku tatu. Sehemu ya pesa ililipa ada ya mdogo wangu, sehemu imerudi kwenye sanduku. Boxer sijanunua bado. Nataka nijue kwanza kama ninainunua kwa sababu ninaitaka au kwa sababu nimeona aibu. Ubaoni, kwenye somo la akiba na vijana wa boda, nimeongeza mstari mmoja juu ya hesabu zote: karatasi kwanza. Wanauliza nani alisema hivyo. Nawaambia ni mzee mmoja mkulima.

Mama alijua. Sijui alijuaje. Alikuwa anachambua maharagwe, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Ulifika mpakani?"

"Nilifika, Mama."

"Kukoje?"

"Kumejengwa."

"Ulivuka?"

"Sikuvuka."

Akaendelea na maharagwe. Baadaye akasema, kama anaongea na sufuria, kwamba yule kijana wa baiskeli aliyetuvusha alikataa pesa. Sikuwa najua hilo. Miaka yote hii hakuwahi kulisema.

Baba yeye alingoja usiku. Tulikuwa nje, hakuna mwezi. Aliuliza kama nilisoma namba ya fremu, nikasema fundi alisoma. Aliuliza spoketi, nikamweleza. Halafu akanyamaza kwa muda, akauliza: "Na sauti yake?"

Nikaifanya kwa mdomo. Nina miaka ishirini na nne, ni mtu wa kazi, majirani wanasikia. Nilianza na ile ya baridi, upande mmoja, tuk, tuk, tuk, halafu ya pili inaingia, halafu zote mbili zinapanda.

Baba alisikiliza, kichwa amekiinamisha upande.

"Kabureta," alisema. "Moja ina tundu dogo limeziba. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja tu. Rudia hapo mwanzo."

Nikarudia.